Ubao wa Rangi ya Asali

Kila alipotoka shule, Saimi alivua viatu mlangoni, akapasha moto chakula alichoachiwa na baba yake, akala, akaosha sahani na kikombe, kisha akavipanga vikiwa bado vimelowa katika kabati la kukaushia lililo juu ya sinki. Kabati hilo chini lilikuwa na waya tupu, na maji yalidondoka yenyewe kwenye sinki. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na mjini kwao, Kuopio, alijua nyumba moja tu isiyokuwa na kabati la namna hiyo. Pembeni kabisa kilikaa kikombe cha mama yake, kimefudikizwa. Kilikuwa kimekauka tangu Januari, wala hakuna aliyethubutu kukiondoa.

Mama yake, Maarit, alifariki mwezi huo. Vuli iliyotangulia, maji yalivuja ukutani, makabati ya chini yakavimba na kuoza, ikabidi jiko zima litengenezwe upya. Mama alizunguka madukani hata akarudi na kipande cha ubao cha mfano, cha rangi ya asali, kinachoenea kiganjani. Nyuma yake aliandika kwa penseli: "Huu. Na kabati la kukaushia libaki juu ya sinki." Wiki mbili baadaye akalazwa hospitali, na habari za jiko zikaishia hapo.

Mwezi wa Machi baba yake, Taneli, aliona hawawezi kuendelea kuishi na makabati yaliyooza. Akatafuta kile kibao kila mahali. Alipomuuliza Saimi kama amekiona, Saimi alijibu kwamba hajakiona.

Kumbe kilikuwa chini ya soksi zake za sufu. Alikichukua siku ya mazishi kwa sababu ya mwandiko, na siku hiyo hakuwa na nia mbaya. Lakini rafiki yake Iiris, wa ile nyumba moja isiyo na kabati la kukaushia, kwao kulikuwa na jiko jeupe pe, milango haina vishikio, na vyombo vyote huoshwa na mashine. Iiris alikuwa amemtania mbele ya wenzao kwamba jiko la kina Saimi ni la kibibi. Zaidi ya hayo, kila maji yalipodondoka kwenye sinki Saimi aligeuka kumtazama mama yake, kana kwamba ndiye aliyetoka kuosha vyombo, na kila mara hakumkuta. Alidhani jiko likiwa jeupe lote, ataacha kugeuka.

Uongo haukai peke yake. "Lakini mama aliniambia," akaongeza, "siku ile ya mwisho hospitali. Alisema amebadili mawazo. Anataka jiko jeupe, bila kabati la kukaushia."

Baba yake aliketi. Siku ile ya hospitali alikuwa ameshuka kuhamisha gari, na aliporudi mkewe alikuwa amelala usingizi ambao hakuamka tena. Saimi peke yake ndiye aliyekuwa kando ya kitanda.

"Alisema hivyo?" aliuliza baba.

"Ndiyo."

Hakumgombeza kwa kukaa kimya muda wote huo. Alifunika uso kwa viganja, na alipovitoa alikuwa anatabasamu.

Dukani, muuzaji aliacha kuandika aliposikia agizo lao. "Bila kabati la kukaushia? Sasa vyombo vibichi mtaviweka wapi, kwapani?"

Baba hakucheka. Alimweleza kwamba ndivyo alivyotaka marehemu mke wake, na kwamba hilo ndilo lilikuwa neno lake la mwisho. Muuzaji aliinamisha macho, akaandika, akasema kiwanda kitaanza kukata mbao Jumatatu ya wiki inayofuata.

Tangu hapo neno hilo halikumtoka baba mdomoni. Alimsimulia jirani, akawasimulia wenzake kazini, akampigia simu dada yake Kerttu. Kila akisimulia aliongeza kidogo: kwamba Maarit alitabasamu, kwamba mpaka mwisho aliwaza nyumba yake. Saimi alisikiliza kutoka chumbani. Aliona aibu hata kumtazama baba yake.

Jumamosi shangazi Kerttu alikuja, akawasha sauna, chumba chao cha kuogea mvuke, kama kawaida, wakaingia yeye na Saimi. Katika ukoo wao humo ndani watu hawagombani wala hawadanganyani. Shangazi alimwaga maji juu ya mawe ya moto, kisha akasema polepole kwamba tangu mazishi kaka yake hakuwa akipata usingizi, ila wiki hii amelala. Ni kwa sababu ya neno lile aliloletewa na Saimi.

Saimi alianza kulia. Shangazi alidhani ni joto, akamwambia ashuke benchi la chini.

"Hakulisema, shangazi," alisema Saimi. "Nililitunga mimi."

Shangazi aliweka chini kata ya maji. "Umefanya vema kusema," alimwambia. "Lakini mwenye haki ya kuambiwa yuko jikoni. Vaa, uende."

Saimi alitoka na nywele mbichi, akakitoa kile kibao chini ya soksi, akakiweka mezani mbele ya baba yake. Baba alikigeuza, akasoma mwandiko wa penseli. Saimi alimweleza yote, la Iiris, la sinki na la uongo wenyewe, bila kujitetea.

Baba alikirudisha kibao mezani. "Basi hakusema kitu," alisema mwishowe. "Sina neno lake hata moja."

Hilo lilimuuma Saimi kuliko adhabu yoyote.

"Alisema, baba. Aliuliza kama umekula. Nikamwambia bado. Akasema, 'Mwambie ale, supu ya samaki iko kwenye friji.' Halafu akalala. Niliona ni neno dogo, nikaona haya kukuletea."

"Supu ya samaki," alirudia baba. "Iliganda pale wiki nzima. Niliimwaga."

Akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Saimi alimshika bega, naye hakumsukuma.

Machozi yalipopungua, baba alimketisha karibu yake. "Saimi, ukimsingizia aliye hai, atajitetea. Mama yako hawezi tena. Tumebaki mimi na wewe tu wa kumkumbuka humu ndani, na mmoja akitia la uongo, mwenzake hana pa kuuliza. Kama ulitaka jiko jeupe, ungelitaka kwa jina lako mwenyewe. Tungebishana, na pengine ungenishinda."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Itaniuma siku kadhaa, usishangae. Ukweli nao unauma, ila ukishauma mtu anajua alipo."

Jumatatu alfajiri alimpigia simu muuzaji kabla kiwanda hakijaanza kukata. Aliambiwa inawezekana, ila watasubiri wiki tatu zaidi. Baba alimwita Saimi amweleze muuzaji yeye mwenyewe kwa nini agizo linabadilika. Saimi akaeleza. Kisha baba alimpa kazi ya kuchagua vishikio vya milango, naye akachagua vya shaba, vya mviringo.

Mwezi wa Mei makabati ya rangi ya asali yalifika, na la kukaushia likatundikwa juu ya sinki. Saimi mwenyewe alikifudikiza kikombe cha mama yake pembeni, pale pale. Maji yakidondoka bado hugeuka. Lakini jioni baba yake akiingia kutoka kazini, kabla hajavua viatu, Saimi humuuliza, "Baba, umekula?" Naye hujibu ukweli, hata kama ni bado.