Mafuta ya Mama Sare Yalikwenda Wapi

Mama Sare alishona sare za shule. Chumba chake cha mbele kilijaa cherehani, meza ya kukatia, na vitambaa vilivyopangwa hadi karibu na dari. Mumewe alizipeleka sare hizo kwa wateja. Watu walimwita Kimya. Ukimsalimu alikujibu kwa neno moja, na hilo neno alilipima kwanza.

Kila asubuhi Kimya alipakia marobota ya nguo kwenye gari mpaka kiti cha nyuma hakikuonekana. Gari lao lilikuwa la haibridi, yaani lina injini ya petroli na pia mota ya umeme inayotumia betri kubwa. Walilinunua kwa sababu walisikia magari ya aina hiyo hayanywi mafuta. Mdogo wake Mama Sare, ambaye alikuwa muuguzi, alinunua la aina ile ile, hata rangi zilifanana.

Siku moja ndugu hao wawili walikuwa wakinywa chai.

"Dada, gari lako linakwendaje?" muuguzi aliuliza.

"Lina kiu. Skrini iliyo mbele ya usukani inasema lita moja haifiki hata kilomita kumi na mbili."

Muuguzi aliweka kikombe chini polepole. "La kwangu linapita ishirini."

Mama Sare alidhani amesikia vibaya. "Ishirini?"

"Na zaidi. Sitaki kukutia maneno, dada. Lakini mafuta hayana miguu. Shemeji akimaliza kazi, huwa anapitia wapi?"

Mama Sare alisukuma kikombe kando. Miaka yote aliyokaa na Kimya, hakuwahi kujiuliza swali hilo.

Mumewe aliporudi, alimkuta amesimama mlangoni.

"Umetoka wapi?"

"Kazini."

"Kazini tu?"

"Kazini tu."

"Usinifanye mtoto. Gari la mdogo wangu linakwenda karibu mara mbili ya hili kwa mafuta yale yale. Una nyumba nyingine?"

Kimya alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na mgeni. Alikwenda kukaa uani peke yake. Aliporudi ndani alisema, "Kesho tutakwenda wote."

Asubuhi Mama Sare alipanda gari, macho kwenye kipimo cha mafuta. Walitoka mjini, wakashika barabara kuu. Kimya aliendesha kwa kasi ili awahi, gari likipanda milima na mzigo wake. Nyuma ya kiti feni ilivuma kama mzinga wa nyuki.

"Hiyo ni nini?"

"Siku hizi inavuma hivyo."

Walishusha sare shule moja, wakaenda nyingine. Kimya hakupita kwa mtu. Hakusimama hata kununua maji. Walipogeuza kurudi, alama ya mafuta ilikuwa imeshuka vile vile, kama siku zote.

Mama Sare alikuwa ndani ya gari, na mafuta yameondoka mbele ya macho yake. Basi mumewe hakusema uongo. Na yeye alimwambia nini jana? Aliona aibu hata kugeuza shingo.

Jirani yao alikuwa mwanamke aliyefundisha ufundi wa magari chuoni. Wote walimwita Mwalimu. Siku hiyo hiyo Mama Sare alimwita, akamweleza mkasa wote. Hakuficha hata lile la nyumba nyingine.

"Mdogo wako anaendesha wapi?" Mwalimu aliuliza.

"Mjini. Nyumbani na hospitali."

"Hapo ndipo gari la haibridi linapofaidi. Kwenye foleni injini inazimika, mota inalisukuma. Ukikanyaga breki, nguvu ambayo ingepotea inarudi kwenye betri. Kwenye barabara kuu breki hukanyagi sana, kwa hiyo injini ndiyo inayofanya kazi kubwa. Juu ya hayo kuna kasi, mlima na mzigo. Huwezi kulinganisha magari mawili yasiyopita njia moja."

"Kwa hiyo ni barabara tu?"

"Barabara haiwezi kula kiasi chote hicho. Hebu hakikisheni gari limezimwa, mshushe mzigo uliobaki."

Kimya alishusha marobota yaliyobaki. Ubavuni mwa kiti cha nyuma kulikuwa na kidirisha kidogo chenye matundu. Mama Sare hakuwahi kukiona, maana siku zote kilifunikwa na nguo.

"Hii ndiyo pua ya betri," Mwalimu alisema. "Ile feni inayovuma huvuta hewa hapa ili kupooza betri."

Alibandua kifuniko, akavuta chujio. Kilichotoka hakikufanana na chujio. Kilikuwa kama kipande cha blanketi, kizito, cha kijivu, chenye nyuzi za bluu na kijani. Mama Sare alizijua zile nyuzi. Zilikuwa za sare zake mwenyewe.

Alikaa juu ya robota.

"Betri ikikosa hewa inapata joto," Mwalimu aliendelea. "Gari linajilinda. Linapunguza kutumia umeme, mzigo wote unaangukia injini. Mngeendelea hivi, betri ingekufa mapema."

Kimya alikohoa. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, na Mwalimu akacheka mpaka akashika mlango.

Walisafisha chujio, wakalirudisha. Mwalimu aliwaonya wasifungue betri yenyewe wala kugusa nyaya nene za rangi ya chungwa, kwa kuwa umeme wake unaua. Hiyo ni kazi ya fundi aliyesomea. Kisha akawafundisha kupima. "Jazeni tanki mpaka bomba likate lenyewe. Anzeni kuhesabu kilomita kutoka sifuri. Baada ya safari zenu za kawaida, jazeni tena kwenye pampu ile ile. Gawanyeni kilomita kwa lita mlizojaza. Mkilinganisha, njia iwe moja, mzigo mmoja na mwendo mmoja."

Tangu hapo marobota yalipangwa mbali na kile kidirisha, na Kimya akapunguza mwendo. Walipopima, lita moja iliwafikisha kilomita kumi na saba. Haikuwa kama ya muuguzi, na Mama Sare sasa alijua kwa nini. Feni nayo ilinyamaza.

Jioni ya siku waliyopima alimpigia mdogo wake simu, mumewe akisikia.

"Shemeji yako hana nyumba nyingine. Mimi ndiye niliyemzulia, na wewe ulinisaidia. Lete gari lako tutazame chujio, kisha umwombe radhi kama nilivyomwomba."

"Nakuja," muuguzi alisema kwa sauti ndogo.

Mama Sare alikata simu, akamgeukia mumewe. "Umenisamehe kweli?"

Kimya alilipima neno lake. "Gari limepona kwa siku moja," alisema. "Mimi nipe siku mbili tatu."

Kisha akavuta kiti, akaanza kumsaidia kukunja sare.