Feni ya Bahati Kwenye Ukuta Wetu

Nina miaka thelathini na minne, na ni mjane. Nawaandikia nikiwa bado na hasira, mnivumilie...

Nilizaliwa kijiji cha Karuba, nikaolewa kijiji cha Kibua. Nyumba zetu ni za mbao, na sisi tulichangia ukuta mmoja na Bahati, mwenye mgahawa kando ya barabara. Alikuwa baba wa ubatizo wa binti yetu, Furaha. Kwetu, ambako wenye bunduki huvamia mara kwa mara, anayesikia risasi kwanza hugonga ukuta wa mwenzake, ndipo akimbie. Ukuta ule ulituokoa mara nyingi.

Kisha Bahati akanunua feni kubwa ya kutoa moshi jikoni, ya umeme wa jua. Akaifunga wapi? Kwenye ukuta uleule! Mbao zote zikawa zinatetemeka, vikombe vyangu vinacheza kabatini. Hata mvua hatukuisikia tena!

Nilimwendea. "Kaka Bahati, ile mashini iko naziba masikio yetu. Batu ya bunduki bakikuya hapa, tutasikia na nini?"

Akacheka. "Dada, moshi iko naua muke yangu. Nitaiondosha ku ukuta, niiweke ku nguzo yake, na mupira ya pneu ya gari chini. Ngoja kidogo."

Tukangoja...

Siku ile Furaha alikuwa shuleni, baba yake yuko kitandani na malaria. Nilikuwa namkanda kwa maji, feni inanguruma, mara mlango ukapigwa teke. Wanaume wenye bunduki! Kijiji kizima kilikuwa kimeshakimbilia msituni, tumebaki sisi tu.

Walitaka simu, wakataka mbuzi. Mume wangu alipojaribu kusimama walimkata shingo kwa panga, pale pale kitandani! Mimi walinivunja mkono kwa kitako cha bunduki. Damu ya mume wangu ilitiririka mpaka chini ya ukuta, na feni bado inazunguka. Nilipiga mayowe, lakini nani angenisikia?

Bahati aliporudi nilimrukia. Nilishika mchi kwa mkono uliobaki mzima, nikampasua kichwa. Nilimwita muuaji! Alikimbia bila kutugongea! Huyo ni ndugu gani?

Hakujikinga. Alinyoosha mkono wake wa kuume, umevimba, vidole vimechubuka mpaka nyama.

"Niligonga, dada. Niligonga mupaka mbao ikapasuka... Haukusikia?"

Nilienda kutazama upande wake. Chini ya feni, ubao ulikuwa na ufa, na ufa ulikuwa na damu yake.

Ndugu zangu, nawasihi! Feni yako usiifunge kwenye ukuta wa jirani. Isimamishe kwenye nguzo zake, weka mpira chini, na ufanye leo, si kesho! Na wewe unayeletewa kelele, usinyamaze kwa kuogopa kuvunja undugu. Ita wakubwa wa kijiji waamue.

Bahati aliing'oa feni yake siku ya mazishi. Sasa ukuta umenyamaza. Kila jioni Bahati hugonga kidogo, kuuliza kama mimi na Furaha tuko wazima. Namsikia vizuri kabisa... Bado sijaweza kumjibu.