Mkia Usiojazwa Pamba

Wateja wote hubonyeza tumbo. Yeye alibonyeza mkia.

Nilimwona kupitia upenyo wa pazia, pale nyuma ya kibanda ninapokaa na cherehani yangu. Kijana mrefu, vifungo vya shati vimefungwa hadi shingoni, pampu ndogo ya mkono imechomoza mfukoni. Alimshusha mbwa wa kitambaa kutoka kwenye msumari, hakugusa tumbo wala masikio, akaenda moja kwa moja kwenye ncha ya mkia, pale ambapo sijawahi kuweka pamba. Akatabasamu peke yake.

"Nani ameshona hawa?" akauliza.

"Mimi hapa," dada yangu akajibu bila kupepesa macho. "Kwa mikono hii hii."

Nilikuwa nimeuzoea uongo ule wa biashara. Wateja wanapenda kununua kwa fundi mwenyewe, na mimi mteja akinisalimia tu, ulimi unagoma. Kwa hiyo tuligawana: mikono yangu, mdomo wake. Soko zima wanamwita Spika. Mimi wengi hawajui hata kama nipo.

"Hawa ni wanyama wa puto," kijana akasema. "Wale wa kusokota. Hata fundo la puani umeliweka."

"Umejuaje?"

"Ndiyo kazi yangu. Napuliza maputo kwenye sherehe za watoto. Wananiita Pumzi."

"Pumzi! Tafadhali usikatike hapa kwangu, nitaulizwa na polisi."

Akacheka, akanunua mbwa wawili, akaomba namba ya simu. Nyuma ya pazia nilikuwa nimeshona mguu mahali pa sikio.

Wanyama wa puto niliwapenda nikiwa na miaka sita. Mama alikuwa akifagia ukumbi wa sherehe, nami nilikuwa nikimsubiri mlangoni mwa stoo, nikitazama maputo yakisokotwa. Siku moja mpuliza maputo aliniona, akaniita kwenye foleni ya watoto, akainama. "Unataka mnyama gani?" Nilijua ninachokitaka. Sauti haikutoka. Watoto nyuma yangu wakaanza kupiga kelele, naye akanipa mbwa akaendelea na wengine. Nilimlaza mbwa yule kwenye mto wangu. Siku ya nne alikuwa amenywea kama soksi. Nikalia, kisha nikachukua soksi ya kweli, nikaijaza matambara, nikaikaza kwa uzi kila mahali puto lilipokuwa limesokotwa. Huyo hakunywea. Shule niliiacha darasa la tano, miguu ya mama ilipoanza kuvimba, lakini kushona sikuacha.

Kesho yake simu ya dada ikaita mlio wa ujumbe.

"Mdogo wangu, Pumzi anauliza kwa nini mbwa wetu hawana macho. Nimjibu nini?"

Nilikuwa nakata uzi kwa meno. "Mwambie wa puto naye hana macho, lakini kila mtoto anayempokea anajua ametazamwa yeye."

"Eee! Wewe maneno haya unayaficha wapi?"

Akaandika. Jibu likaja haraka: "Nimeisoma mara nne. Leo nimepuliza maputo sitini nikiifikiria."

Wiki tatu zikaenda hivyo. Pumzi anamuuliza dada, dada ananiuliza mimi, mimi najibu, dada anaandika. Nami nikawa naiomba simu eti niangalie saa, kumbe nasoma ujumbe wake polepole, kidole chini ya kila neno.

Siku moja Pumzi akaandika: "Una mbwa, una sungura, una bata. Mbona hujawahi kushona twiga?"

"Mbona hatujawahi?" dada akanigeukia.

Nikainamia cherehani. "Sijui."

Akaandika mwenyewe: "Twiga hanunuliki."

Kisha nikaona dada ameanza kupaka wanja kabla ya kufungua simu. Wanja, kwa ajili ya ujumbe!

"Anakuja nyumbani Jumapili," akaniambia. "Anataka kuzungumza na mama. Unajua maana yake?"

Nilijua. Sindano ikaniingia kidoleni.

"Hongera, dada."

"Mbona umenuna?"

"Sindano."

Jumapili akaja na shati lile lile, limepigwa pasi mpaka linang'aa. Sebule yetu ni ndogo. Mama alikuwa kwenye kiti chake, miguu juu ya kigoda, wao wawili kwenye kochi. Mimi nikaingia na sinia la chai.

"Msalimie shemeji yako," dada akasema.

"Shikamoo," nikatamka. Mtu amenizidi labda miaka minne!

"Marahaba, mjukuu wangu," akajibu, na mama akacheka mpaka kigoda kikasogea.

Pumzi akaweka kikombe chini. "Mama, kabla sijasema kilichonileta, kuna swali limenikaa kooni tangu siku ya kwanza." Akamgeukia dada. "Fundi, kwa nini ncha ya mkia huijazi pamba?"

Dada akanitupia jicho. Nami nikatazama sinia.

"Aa, ile," akasema. "Pamba iliisha."

"Kwa mbwa wote?"

"Pamba siku hizi haitabiriki."

Mama akapaliwa na chai. Pumzi hakucheka. Alitoa pampu na puto refu la njano.

"Basi nisokotee mbwa. Nimeisubiri sana siku hii, tukae mimi na wewe tusokote pamoja."

Dada yangu ni jasiri. Akapampu, akapampu, mpaka puto likajaa ncha kwa ncha, linameremeta kama limepakwa mafuta. Akalifunga. Akasokota mara moja.

Paa!

Mama akaruka, na miguu yake ile. Pumzi akaokota kipande cha mpira wa njano ndani ya chai yake, akakitazama kwa muda mrefu.

"Nisamehe, mama," akasema. "Nadhani nimekosea mtu." Akaanza kuinuka.

Miguu yangu ilitaka kukimbilia jikoni. Lakini nilijua akipita mlango ule hatarudi tena. Nikaweka sinia sakafuni, nikachukua puto la bluu kwenye mfuko wake. Nikapampu, nikaacha vidole vitatu mwishoni bila upepo. Nikafunga fundo. Pua, sikio, sikio. Puto likawa linalia kwa msuguano, na kila niliposokota upepo ulisogea kidogo kuelekea mkiani. Nikamsimamisha mbwa kando ya kikombe chake.

Pumzi akabonyeza ncha ya mkia.

"Ni wewe," akasema taratibu. "Na yale maneno?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ulimi ukagoma. Nikakimbilia chumbani.

Mlango ulifunguliwa bila hodi.

"Unampenda?" Dada alikuwa amesimama, mikono kiunoni.

Nikageukia ukuta.

"Si nakuuliza wewe! Wiki tatu napaka wanja kwa ajili ya mtu anayekupenda wewe. Ungesema tu, 'Dada, huyu ni wangu.' Yangekuua hayo?"

"Nilidhani wewe..."

"Ulidhani! Na pale sebuleni umeniona nazama, ukaangalia sinia."

Hilo lilikuwa kweli, na liliniuma kuliko sindano.

"Nisamehe, dada. Nilikuona. Nilinyamaza makusudi."

Akaketi kitandani. Wanja ulikuwa umemchuruzika hadi shavuni. Kwa muda hakusema kitu, na dada yangu kunyamaza ni jambo la kutangazwa redioni.

"Na mimi nilivyozoea kusema mikono hii hii," akasema mwishowe, akiitazama mikono yake. "Mpaka nikaamini. Ujue akisifu maneno yako, mimi najibu asante, natikisa kichwa kabisa, kama nimeyatunga." Akaanza kucheka huku analia. "Pamba haitabiriki! Jamani, mimi!"

Nikacheka naye, nikamfuta wanja kwa upindo wa gauni langu.

"Sasa sikiliza," akasema. "Kuanzia kesho pazia linatoka pale kibandani. Kila mteja nitamwambia fundi ni huyu. Kusema nitakusemea, ndiyo kazi yangu. Ila kwa huyu wa leo sikusemei hata neno moja. Toka."

Pumzi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango, mbwa wa bluu juu ya goti. Nikaketi ngazi moja juu yake.

"Nilitaka kuondoka," akasema bila kugeuka. "Mama yako akaniambia nikithubutu atanikimbiza. Nimeona kabisa hawezi kukimbia, lakini nimeogopa hivyo hivyo."

Nikanyoosha kidole kwenye mkia wa mbwa.

"Ile ncha," nikaanza. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Ni nafasi. Puto ukilisokota, upepo unatafuta pa kwenda. Usipouachia..."

"Paa."

"Paa. Kitambaa hakihitaji, najua. Lakini nikiijaza naona kama nimembana. Kama hana pa kupumulia."

"Siku ile sokoni," akasema, "niliposhika mkia ule nilijua aliyeshona amewahi kumpenda mbwa wa puto mpaka akamlilia. Nikasema huyu lazima nimjue. Nimekaa naye wiki tatu kwenye simu, kumbe yuko nyuma ya pazia."

"Na maneno yale," nikasema. "Ndiyo. Yalikuwa yangu."

Dirisha la sebule likafunguka.

"Shemeji!" dada akaita. "Nimekumiminia chai nyingine, na hii haina mpira ndani!"

Akacheka, kisha akageuka, na kwa mara ya kwanza tukatazamana bila pazia wala sinia. Alichomoa puto la njano mfukoni, akalivuta mara mbili lilainike.

"Leo nikusokotee mimi," akasema. "Unataka mnyama gani?"

Swali lile lile. Nikawasikia watoto wa ukumbini wakipiga kelele nyuma yangu. Nikageuka. Nyuma yangu hapakuwa na watoto. Palikuwa na mama na dada dirishani, wamebananisha vichwa.

"Usiharakishe," Pumzi akasema. "Foleni leo ni ya kwako peke yako."

"Twiga," nikasema, kwa sauti ambayo hata dirishani waliisikia. "Na wewe pia nakutaka."