Kanyaga, Kabula

Jumamosi asubuhi Kabula alifagia uwanja, akafua sare zake za shule na kuzianika kwenye waya. Kisha akaenda kwenye kazi aliyoipenda zaidi: kumsaidia baba yake, Limbu, kutengeneza pikapu yao iliyoegeshwa nyuma ya nyumba, pale mtaani Somanda, Bariadi.

Pikapu ilikuwa na ugonjwa mmoja. Ukikanyaga pedali ya klachi, inazama mpaka chini na gia hazikubali kuingia. Masta ya klachi, ile pampu ndogo inayosukuma mafuta ya breki kuelekea kwenye giaboksi, ilikuwa inavuja. Baba alikuwa amenunua mpya na sasa alikuwa anamalizia kuifunga.

"Leo lazima ipone," alisema. "Kesho tunamfuata bibi yako kijijini Zagayu."

Kabula alijua. Bibi Milembe alikuwa na mtoto wa jicho, na madaktari wa macho wangekuwepo hospitalini Jumatatu tu. Bodaboda Bibi hakutaka hata kuisikia. Gari likikwama, nafasi ile ingempita. Kabula alitamani sana siku ambayo Bibi angemtambua kwa uso kabla ya kusikia sauti yake.

Limbu hakuwa mtu wa maneno mengi, na akiwa chini ya gari yalipungua zaidi. Tena kwake yeye, kila kitu cha majimaji ndani ya gari kiliitwa mafuta. Kabla ya kuingia uvunguni kufungua nati ya kutolea upepo uliobaki kwenye mabomba, alisema tu, "Jaza mafuta kwenye kikopo cha masta, halafu kaa kwenye usukani. Nikisema kanyaga, unakanyaga."

Kabula aliona galoni karibu na tairi. Alimimina polepole bila kumwaga hata tone, akajisifu moyoni, akapanda kwenye gari.

Hapo ndipo alipoiona chupa ndogo ya mafuta ya breki juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ilikuwa ile ile baba aliyotoka nayo dukani pamoja na masta, na kifuniko chake kilikuwa hakijafunguliwa. Alichomimina kilikuwa oili ya injini.

"Kanyaga," baba aliita.

Mguu wake ulikuwa tayari juu ya pedali. Aliogopa sana. Akinyamaza, baba asingejua leo. Angejua kesho, njiani.

"Kanyaga, Kabula."

"Sikanyagi, baba," alisema. "Nimeweka oili ya injini."

Limbu alitoka uvunguni, mikono myeusi, akachungulia kwenye kikopo.

"Umekanyaga hata mara moja?"

"Hapana, baba."

Limbu alishusha pumzi. Hakugomba. Aliifungua masta aliyokuwa ameifunga kwa jasho, wakaisafisha yote kwa mafuta ya breki, kisha akaipapasa mipira ya ndani mmoja mmoja. Ilikuwa bado mizima. Ugali wao ulipoa mezani, na hakuna aliyeuulizia.

Kabula akajaza tena, safari hii kutoka kwenye chupa ndogo.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia. Haya, achia."

Waliendelea hivyo mpaka upepo ukaisha na pedali ikaanza kuusukuma mguu wa Kabula kurudi juu. Alicheka peke yake.

Wakinawa mikono, baba alisema, "Kosa la galoni ni letu wawili. Mimi sikusema mafuta gani, na wewe hukuuliza. Lakini kulisema, hilo umelifanya peke yako. Oili ingevimbisha mipira yote, na kesho tungekwama porini na bibi yako. Ukikosea, mwanangu, sema kosa likiwa bado kwenye kikopo. Likishaingia kwenye mabomba, kulitoa ni shida."

Jumapili, wakirudi kutoka Zagayu, Bibi aliuliza ni fundi gani aliyeliponya gari.

"Mjukuu wako," Limbu alijibu. "Nilimwambia akanyage, akakataa."

Bibi alicheka mpaka Bariadi mjini.

Jumanne, baada ya shule, Kabula alikwenda hospitalini. Bandeji ya upasuaji wa jana ilikuwa imeshatolewa. Alisimama karibu na kitanda akanyamaza kwa makusudi. Bibi alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia viatu mpaka usoni.

"Huyu ndiye aliyekataa kukanyaga," akasema.