Sanamu Iliyopewa Jina la Nyamai

Sanamu ilikuwa na joto. Hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho Mwongeli hakukipenda. Alikuwa anaisukuma tu kando apate mahali pa nepi, akashtuka, kwa sababu kitu cha plastiki kilichotoka kwa boksi asubuhi hiyo hiyo kinawezaje kuwa na joto kama mtoto aliyeshushwa mgongoni sasa hivi?

"Ni jua la dirishani," mumewe Mutisya alisema bila kugeuka. "Usiiguse, tafadhali."

Mutisya alikuwa na kibanda cha gemu sokoni Migwani, na pia alitengeneza video kwa simu: anacheza gemu mpya kidogo, halafu anawaambia watu maoni yake ya mwanzo. Hii mpya ilikuwa ya kuunda mtu wako mwenyewe, unamtembeza kwa nchi ya majivu, anakua, anapata nguvu. Na hakuwa amechukua gemu tupu. Alikuwa ameagiza kwa Ahmednasir, anayeuza simu na TV karibu na stendi, ile ya wakusanyaji: boksi la chuma, ramani ya kitambaa, kitabu cha michoro, mkufu mdogo wa shaba, na hiyo sanamu ya shujaa.

Mwongeli naye alikuwa ametoka hospitali juzi na mtoto wao wa kwanza, mvulana. Hakuwa na jina bado. Walijua atakuwa Nyamai, kama marehemu babake Mutisya, lakini hata kwa watu wa kanisa kama wao kuna mambo ya Wakamba hayarukwi. Mtoto haitwi mpaka nyanya aje amwite, na baba amvishe mkufu. Kabla ya hapo, wazee husema, si wa watu bado. Ni wa aimu, wale wasioonekana. Na nyanya, Wayua, mamake Mutisya, alikuwa bado Kasikeu akitafuta mtu wa kumwachia ng'ombe.

"Sasa wakubwa," Mutisya aliwaambia watazamaji, simu imeegemezwa kwa thamosi, "michoro ni moto. Mapigano ni mazito kidogo. Lakini hadithi, woi! Na hapa inaniuliza jina la shujaa." Akacheka. "Si sisi ni Wakamba? Tufanye kama kwetu."

Akaandika Nyamai. Akauchukua ule mkufu wa shaba, akaivisha sanamu shingoni, akaiinua juu mbele ya simu. "Wewe ni Nyamai wetu. Karibu kwa watu!"

Chumbani, mtoto aliyekuwa akinyonya aliachilia titi. Hakulia. Aliachilia tu, na hakulishika tena.

Mwongeli akamjaribu upande huu, akamjaribu ule, akakamua kwa kijiko, maziwa yakatoka kando ya mdomo. Kesho yake alimnusa kichwani, ile harufu tamu ya mtoto mchanga, akaikosa. Mtoto alinuka kama boksi jipya. Ile harufu ya mtoto aliikuta sebuleni, pale juu ya meza, kwa sanamu.

"Mutisya, naogopa."

"Umechoka, mama. Lala kidogo."

Wayua alifika mchana, jua kali, kuku wamejificha chini ya gari bovu la jirani. Akanawa mikono, akamchukua mtoto, akamwambia polepole, "Wewe ni Nyamai."

"Ĩĩ, susu," kikamwitikia nyanyake kitu sebuleni.

TV ilikuwa imezimwa. Mutisya alikuwa amesimama hapo hapo mlangoni na mdomo wake umefungwa. Wayua akaenda, akaiona sanamu na mkufu wake.

"Ni nani aliivisha hii?"

"Ni mimi, mwaitu," Mutisya akamjibu mamake. "Ilikuwa mchezo, ya watu kucheka."

"Watu gani walicheka?" Wayua aliuliza, akaung'oa mkufu, na papo hapo mtoto akawa mweusi midomo, akajikunja mikononi mwa mamake, na Mwongeli akapiga nduru, "Rudisha! Mwaitu, rudisha!" mpaka mkufu ukarudishwa na rangi ikarudi.

Mutisya akampigia Ahmednasir, akamweleza yote.

"Wallahi boksi lilikuwa na sili," Ahmednasir alisema. "Hiyo sanamu mliipa jina nyinyi wenyewe? Kwa mdomo wenu?"

"Ndiyo."

"Basi hilo jini si mgeni, ndugu yangu. Mgeni ndiye hufukuzwa." Akakata simu.

Pasta akaja. Akaomba mpaka shati ikalowa mgongoni, akakemea, akaamuru, na alipomaliza, kwa ile TV isiyowashwa, sauti changa ikasema, "Amina." Pasta akachukua Biblia yake akaondoka bila kuaga.

Hapo Mutisya akawasha mashine, aifute hiyo gemu yote. Shujaa alikuwa amesimama katikati ya majivu, amekua kuliko alivyomwacha, na alipoanza kumfuta kifua cha mtoto kikatulia, na alipoacha kikapanda tena, na wakagundua kwamba hata shujaa akisimama tu bila kutembezwa mtoto huanza kupoa kuanzia miguuni, kwa hivyo Mutisya akamtembeza, akamtembeza, hali wala halali, macho mekundu kama ya mtu aliyekaa kwa moshi, na Wayua akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini huku akisugua nyayo ndogo, mpaka vidole vya Mutisya vikakataa kabisa kujikunja.

"Shika," akanong'ona. "Ukibonyeza hii anaenda mbele. Usimwache asimame."

"Sijawahi kushika hii kitu, Mutisya."

"Shika tu, mama!"

Mwongeli akamfunga mtoto kifuani kwa leso, akashika ile padi ya kuchezea. Shujaa akatembea, hatua moja, nyingine. Halafu akasimama mwenyewe, ingawa kidole cha Mwongeli kilikuwa bado kimebonyeza, akageuka, akamtazama. Alikuwa na pua ya Mwongeli mwenyewe, na masikio ya ukoo wa kina Mutisya.

"Mwaitu," akamwita, kwa upole, kama mtoto aliyeamka na njaa.

Na maziwa, yaliyokuwa yameganda kama mawe matitini, yakaachilia yote kwa pamoja, yakalowesha blauzi na leso na utosi wa mtoto, ambaye hakugeuza mdomo kuyatafuta.