Kanzu Nyeupe Sandukuni

Fundi aliamka, akafagia, akatia mafuta cherehani yake. Chumba kilikuwa kimoja tu: upande huu kitanda, upande ule kazi. Ukuta wa mbao ulimtenga na jirani yake, muuza makaa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Makaa.

Wanawake hawa wawili walibatizwa siku moja. Walishuka majini wameshikana mikono, maana Mama Makaa aliogopa maji. Kanzu nyeupe za siku ile alizishona Fundi. Yake aliifua, akaipiga pasi, akaifungia sandukuni pamoja na cheti cha ubatizo. Na ubatizo wenyewe ukabaki humo humo.

Miezi mitatu baadaye, upepo ulipeperusha vumbi la makaa. Likaangukia gauni la bibi harusi lililoning'inia mlangoni kwa Fundi. Fundi alifoka mpaka sauti ikamkauka. Mama Makaa akaomba radhi, akaleta maji alifue. Fundi akayamwaga. Tangu hapo wakanuniana, au tuseme kweli: alinuna mmoja.

Kisha kikohozi kikaanza upande wa pili wa ukuta. Siku ya kwanza, ya pili, ya nne. Makaa hayakuuzwa. Fundi alijua. Kikohozi kikizidi, naye alikanyaga cherehani kwa kasi ili asikisikie. Aibu iliyoje!

Siku ya sita alikuja mwalimu wa ubatizo, nesi mstaafu aliyewafundisha wote wawili. Alitoka kwa mgonjwa amekunja uso.

"Shikamoo, mwalimu," Fundi alisema.

"Marahaba. Dada yako ana siku ngapi hajala?"

"Dada yangu yupi? Mimi kwetu nimezaliwa peke yangu."

"Yule uliyeshikana naye mkono majini."

Fundi akainamia kitambaa. "Yule tumegombana. Lakini ubatizo wangu nimeutunza. Kanzu haina hata doa. Nikuoneshe?"

"Kaa nayo! Nilikufundisha nini mimi? Ubatizo si sherehe ya siku moja. Uliingia majini pamoja na Kristo, ukayafia mambo ya zamani, na kinyongo kikiwemo. Ukatoka na maisha mapya na ndugu wapya. Tena ukatumwa. Kila aliyebatizwa ametumwa, si mchungaji peke yake."

"Nimetumwa wapi mimi, na cherehani hii?"

Mwalimu akaupiga ukuta wa mbao kwa kiganja. "Hapa. Hatua nne tu, na umeshindwa kufika."

Fundi alikoroga uji, akaenda. Mama Makaa alikuwa amebaki mifupa mitupu. Alimeza vijiko viwili.

"Nisamehe, dada," Fundi alisema huku akilia.

"Nilikuwa naisikia cherehani yako," Mama Makaa alinong'ona. "Nikasema, afadhali kuna mtu karibu."

Walimkimbiza hospitali mchana ule ule. Daktari alisema ni homa ya mapafu. Angeletwa mapema, pengine angepona. Siku ya pili akafariki. Maji yakimwagika hayazoleki.

Walipotafuta nguo ya kumzika, kanzu yake ya ubatizo haikuonekana. Jirani mmoja akasema, "Aliikata wakati wa baridi, akamfunika nayo mtoto wangu mchanga." Fundi akaenda kufungua sanduku. Akamvisha Mama Makaa kanzu yake mwenyewe, safi, haijawahi kumfaa mtu.

Siku hizi Fundi hufika darasa la ubatizo kila juma na kusimulia kisa hiki bila kujipamba. Waliobatizwa wamegawana nyumba za wagonjwa, wawili wawili. Mtaani pale hakuna tena anayeugua siku sita peke yake. Juzi msichana mmoja alipokuwa akipimwa kanzu aliuliza, "Nitaitunzaje isichafuke?"

"Itachafuka," Fundi alimjibu. "Ndiyo kazi yake."

Chumba cha jirani kina mpangaji mpya, mama mwenye mtoto mdogo. Jana mtoto alikohoa mara mbili. Cherehani ikanyamaza. Kabla hajakohoa mara ya tatu, Fundi alikuwa mlangoni akipiga hodi.