Pua Isiyopiga Chafya

Nikutegee, wewe unayenisikiliza: ana pua kubwa kuliko nyumba, na tangu azaliwe hajapiga chafya hata moja. Nani huyo? Usiniambie tembo, tembo nimemsikia akipiga. Umeshindwa? Haya, nipe mji. Njombe? Asante, nimeipokea, sasa nakufungulia.

Ni Pua Kuu, mnara uliosimama juu ya mji wa Kitulo Mpya. Upepo ulipopita kwenye matundu yake elfu moja, mnara ulijua viazi vya nani vimeanza kuoza, ng'ombe wa nani ana homa, na nguruwe pori wamelala bonde gani. Kisha uliwaambia wawindaji kwa sauti ya upole, kupitia kibali cha kuwindia walichovaa kwenye kola. Kibali hicho kilikuwa na taa ya kijani. Ikizimika, ndiyo basi, huwindi tena.

Asubuhi hiyo wawindaji watatu walikuwa nyuma ya ghala la Tusekile, wanachoma viazi na kunywa ulanzi mbichi, maji ya mianzi, ule mtamu usiolevya. Tusekile ndiye aliyekuwa mkuu wao. Sanga alikuwa na mdomo usiofungwa. Ambilikile alivunjika paja miaka mitatu nyuma, na tangu hapo alichechemea.

"Mama Ambwene," Sanga alimwambia Tusekile, "ni kweli wachungaji wameona mbwa mwitu huku? Huku kwetu, kwenye baridi hii?"

"Wameona. Bibi yangu ndiye aliyewaona mara ya mwisho, akiwa msichana."

"Labda wachungaji wamezidisha ulanzi."

"Wewe ndiye umezidisha, hicho ni kikombe cha nne!"

Wakacheka. Mara kola zote tatu zikalia. Pua Kuu ikasema, "Tangazo. Wachungaji wameripoti mbwa mwitu. Mbwa mwitu si mnyama wa nchi hii. Ni mgeni hatari. Saa sita kamili kereng'ende wa chuma watatoka kumuua."

Kereng'ende wale walikuwa vyombo virukavyo, vidogo kama kunguru, na havikukosa shabaha.

Tusekile aliliangalia ghala lake. Mwaka huo viazi vilifika darini. Kwa mara ya kwanza nguruwe hawakufukua hata tuta moja, naye kila Jumapili aliishukuru Pua Kuu kwa kuwafukuza. Kumbe mnara hufukuza nini? Mnara hunusa tu.

"Jamani," alisema polepole, "ni hao mbwa mwitu waliotulindia shamba. Na tunataka kuwaua." Akamgeukia Ambilikile. "Baba, wewe Jumanne ulirudi mikono mitupu, na risasi zako zote zimo. Uliwaona, sivyo? Kwa nini hukufyatua?"

Ambilikile aligeuza kiazi chake kwenye majivu. Kila mwenye kibali aliyekutana na mnyama mgeni alitakiwa kumpiga, la sivyo kibali kilizimwa.

Tusekile hakumbana. Aliinamia kola yake. "Pua, hebu nionyeshe huyo mbwa mwitu wako."

Picha ikang'aa ukutani: mnyama wa kijivu, masikio ya ncha, manyoya mazito kama blanketi, amesimama kwenye theluji.

"Yesu wangu!" Sanga alipiga paja. "Huyo amevaa koti! Huyo ni wa Ulaya!"

"Waliotafsiri vitabu vya Pua waliwapa wanyama wawili jina moja," Tusekile alisema. "Pua, umepotea kwa jina. Wetu ni mwingine."

"Harufu yake siijui," mnara ulijibu. "Nilijengwa baada ya wao kutoweka. Nahitaji shahidi aliyewaona kwa karibu."

Ilikuwa saa sita kasoro dakika nane. Kule kwenye paa la mnara, mabawa ya chuma yalianza kuvuma.

Ambilikile alisimama, akijishikilia ukuta.

"Mimi niliwaona, hatua ishirini. Wana mabaka meusi, manjano na meupe, hakuna wawili wanaofanana. Masikio ya duara kama majani ya maboga. Mkia una ncha nyeupe. Miguu ya mbele, vidole vinne tu."

Mvumo ukafifia, ukakoma.

"Ni wa hapa," ilisema Pua Kuu. "Amri imefutwa. Asante, shahidi. Lakini Jumanne walikuwa bado kwenye orodha ya wageni, nawe hukufyatua." Na palepale taa ya kijani kwenye kola ya Ambilikile ikazimika.

Tusekile alimmenyea Ambilikile kiazi cha moto, akampa kwa mikono miwili.

"Asante, baba. Lakini bado hujanijibu."

Ambilikile alikipuliza kile kiazi.

"Walikuwa wameangusha nguruwe," alisema. "Mmoja wao alikuwa nyuma sana, anachechemea. Wenzake hawakugusa nyama mpaka alipofika, wakamwachia ale kwanza. Miaka mitatu hii kila mnyama tunayempata, ini mnanipa mimi kwanza, na mbio sina. Niliinua bunduki, mama, nikawaona ninyi."